Kimaiyo Aliyemwonjea Mbwa Maji

Mambo haya yalitokea mwaka wa hamsini na saba. Hapana, nakosea. Mwaka wa hamsini na saba Kimaiyo alikuwa ameshafukuzwa kazi, anachunga ng'ombe wa watu upande wa Kiamunyi. Basi hamsini na sita. Na huo pia haukai sawa, kwa sababu siku zile ndege zilikuwa bado zinarukia kiwanja cha Isili, Nairobi, na kiwanja kipya cha Embakasi kilikuwa kinachimbwa na wafungwa wa imajensi, ile hali ya hatari, na Thuo mpishi alikuwa ameshachukuliwa lakini nguo zake bado zinaning'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Huo ni mwaka wa hamsini na tano, mwezi wa sita, mvua ndefu ikikaribia kwisha. Tuuache hapo.

Kimaiyo alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye pengo la meno mawili ya chini kama wanaume wengi wa rika lake, na masikio yaliyotogwa yakavutwa mpaka karibu na mabega. Alizaliwa Baringo, akashuka bonde akiwa kijana kutafuta kazi kwa wazungu, akaipata kwenye shamba moja la pareto na ng'ombe wa maziwa huko Kabazi, karibu na Subukia. Mwenye shamba jina lake lilikuwa Ledward, lakini wafanyakazi walimwita Bwana Mashoto kwa sababu aliandika na kupiga bunduki kwa mkono wa kushoto. Hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa mtu wa kusifiwa sana. Alikuwa tajiri wa shamba kama wengine, ana siku zake.

Kazi ya Kimaiyo ilikuwa mbwa. Wengine walikuwa wa ng'ombe, wengine wa pareto, wengine wa trekta, yeye wa mbwa. Watu walimcheka. Mtu mzima, ana mke na watoto watatu, anaamka asubuhi kuchana mbwa. Yeye hakujali. Alisema mbwa hana maneno ya nyuma, ukimkosea anakuonyesha hapo hapo.

Mwaka wa hamsini na tatu, imajensi ikiwa imepamba moto, mbwa wa mashamba jirani walianza kufa. Mbwa wawili leo, mmoja kesho, wamelala chini ya veranda na povu mdomoni. Watu wa msituni wakija hawataki kubwekewa, kwa hiyo nyama yenye sumu ilitangulia, wao wakafuata. Bwana Mashoto alimwita Kimaiyo akamwonyesha mbwa wake mmoja tu aliyebaki, jike la rangi ya majani makavu, mwenye mstari wa nywele zilizolala kinyume mgongoni. Jina lake Juno. Alikuwa bado mchanga, hajatimiza mwaka.

"Huyu mfundishe asile ovyo," alisema. "Asile kwa mtu yeyote. Umesikia?"

"Nimesikia, Bwana."

Jinsi ya kumfundisha Bwana hakusema, wala hakuuliza baadaye. Kimaiyo alikwenda akakaa juu ya jiwe la kunolea panga, akafikiri. Fimbo hakuitaka. Akakumbuka ya kwao.

Kwao mtu hakupi kibuyu cha maziwa hivi hivi. Anakifungua, anapiga funda moja yeye mwenyewe mbele yako, unamwona koo linashuka, ndipo anakupa. Pombe vilevile. Uji vilevile, kama wewe ni mgeni wa mbali. Ni adabu, lakini chini ya adabu kuna jambo lingine ambalo hakuna anayelitaja: ukifa wewe, nami nimekufa. Kimaiyo alinyonya jambo hili pamoja na maziwa ya mama yake. Basi akamfundisha Juno hivyo hivyo. Akiweka nyama, anakata kipande kidogo anatafuna mbele ya mbwa, kisha anamwachia. Akiweka maji, anainama anatia ulimi au anachota kwa kiganja anakunywa, kisha anamwachia. Na mtu mwingine akiweka chakula bila kuonja, Kimaiyo alikuwa amejificha nyuma ya ghala na kamba mkononi, anamvuta Juno shingo pole pole. Hakumpiga hata siku moja. Baada ya miezi miwili kamba haikuhitajika tena. Ungeweza kumwekea Juno figo ya kondoo puani, akaitazama, akakutazama usoni, akaitazama tena, akangoja. Usipoonja, anageuza kichwa.

Thuo mpishi alikuwa akimtania. "Kimaiyo, wewe na mke wako wa miguu minne mnakula sahani moja. Cheptanui anajua?"

"Anajua. Anasema afadhali huyu, hapigi kelele kama wewe."

"Mimi nikipika, mzungu haonji kwanza. Ananiamini."

"Basi ngoja," alisema Kimaiyo.

Ilikuwa maneno ya mchezo tu. Lakini mwaka uliofuata askari walikuja na lori, wakawapanga Wakikuyu wote wa shamba kwenye uwanja wa kukaushia pareto, mtu aliyefunikwa gunia kichwani akapita mbele yao akitikisa kichwa kwa huyu, akiacha yule. Kwa Thuo alitikisa. Hakuna aliyemwona Thuo tena Kabazi. Kimaiyo aliyakumbuka maneno yake yale, yakamkaa vibaya, ingawa hayakuwa na kosa.

Basi miaka ikaenda, na usiku Juno alilala mlangoni kwa Bwana, na hakuna aliyeweza kumlisha kitu isipokuwa Kimaiyo, maana hakuna mwingine aliyeonja. Memsabu, mke wa Bwana, alijaribu kumpa biskuti akitaka kumbembeleza. Juno aliitazama, kisha akamtafuta Kimaiyo kwa macho. Kimaiyo alikuja akamega ukingo wa biskuti akala, mbwa akala iliyobaki. Memsabu alicheka akasema, "Huyu nakupenda wewe sana." Na Kimaiyo akacheka pia. Ndivyo ilivyokuwa kila siku, mara mbili au tatu kwa siku, miaka miwili, mpaka yeye mwenyewe hakuona tena kama anafanya kitu. Nawe huhesabu mara ngapi umepepesa macho tangu asubuhi.

Mwanzoni mwa hamsini na tano Bwana Mashoto alichoka. Aliuza shamba kwa mzungu mwingine, akasema anarudi kwao Uingereza. Memsabu alisema haendi bila Juno. Lakini cheti cha daktari wa mifugo kilichelewa, na meli ya Mombasa ilikuwa haingoji mtu. Ikaamuliwa wao watangulie kwa meli, na Juno afuate kwa ndege, ndani ya sanduku, kama mzigo. Kule Uingereza sheria yao ni kwamba mbwa wa kutoka nje anafungiwa miezi sita kwanza, kwa kuogopa kichaa. Kwa hiyo ilikuwa heri afike mapema aanze kuhesabiwa kifungo chake.

Siku ya kuondoka, memsabu alikuwa ameshapanda gari, akashuka tena. Alimshika Kimaiyo mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kimaiyo, Juno nafika. Wewe naangalia. Nafika, eh?"

"Atafika, Memsabu."

Alisema hivyo, na alipolisema alilichukua neno lile kama mtu anavyochukua mzigo wa kichwani, ukishatulia hapo unajua ni wako.

Fundi wa shamba alitengeneza sanduku la mbao za mseprasi, mbele wavu wa waya, nyuma matundu ya hewa. Kimaiyo alipima mwenyewe, Juno aweze kusimama na kujigeuza. Ndani ya wavu wakafunga bakuli la bati kwa skrubu, lisimwagike, na juu yake wakaweka faneli ili mtu wa nje aweze kujaza maji bila kufungua. Kimaiyo aliipenda sana faneli hiyo. Alimleta mkewe Cheptanui aione. Karani wa shamba aliandika kibao kwa Kiingereza kwa rangi nyekundu, akakisoma kwa Kiswahili ili wote wasikie: mbwa huyu ni mpole, apewe maji asubuhi na jioni na wakati wowote wa joto, apewe nyama kidogo kule Khartoum. Maana ndege haikuwa inakwenda moja kwa moja. Ingeruka Isili alfajiri, ifike Khartoum jua likiwa bado juu, ilale huko usiku mmoja, kesho yake iende Benghazi, kisha Roma, kisha London.

"Khartoum ni wapi?" aliuliza Cheptanui.

"Nchi ya Waarabu. Nasikia ni jua tupu."

"Na atakaa ndani ya hili boksi?"

"Usiku mmoja tu. Wana maji. Mto wao ni mkubwa kuliko ziwa letu."

Jumatano moja Kimaiyo alimpeleka Juno Nairobi kwa gari la moshi, wamekaa wote wawili kwenye behewa la gadi. Ilikuwa mara yake ya pili kupanda gari la moshi na mara ya kwanza kwa Juno. Gilgil kulikuwa na ukungu. Naivasha askari walipanda wakakagua vipande vya watu, vile vitambulisho vyao, wakamtazama Kimaiyo masikio na pengo la meno, wakajua si Mkikuyu, wakapita. Kupanda ule ukuta wa bonde kwenda Limuru, gari likilia, Juno alitetemeka, na Kimaiyo aliingiza vidole kwenye waya akaviacha hapo mpaka walipofika juu.

Kule Isili palikuwa na banda refu la mabati, na karani mmoja Mgoa mwenye shati jeupe aliyekuwa akipokea mizigo. Alipima sanduku, akabandika karatasi, akazunguka akilikagua.

"Anauma?"

"Hapana, Bwana."

"Anakula vizuri? Hana ugonjwa?"

"Anakula vizuri sana."

Na hakudanganya. Kisha akaomba ruhusa ampe maji ya mwisho. Alijaza bakuli kwa faneli, akaingiza mkono kwenye kijilango kidogo cha pembeni, akachota kwa kiganja akanywa, Juno akanywa bakuli lote na kulilamba.

Yule karani alikunja uso. "Wewe, unakunywa maji ya mbwa?"

"Ni maji safi, Bwana," alisema Kimaiyo akicheka, na vibarua waliokuwa pale wakacheka pia. Mmoja alisema, "Huyu mpeni tiketi naye, waende pamoja." Wakalisukuma sanduku ndani ya banda. Juno hakubweka. Alimtazama tu mpaka wakakata kona.

Hapo ndipo pangekuwa pa kusema. Maneno matatu tu. Karani alikuwa amesimama hapo na kalamu mkononi, kibao cha rangi nyekundu kina nafasi chini. Lakini Kimaiyo alikuwa anafikiria jinsi atakavyowahi gari la moshi la kurudi, na jinsi banda lile lilivyokuwa na harufu ya mafuta.

Alilala Nakuru kwa jamaa yake, na Alhamisi akapanda lori la maziwa lililokuwa linarudi Kabazi na mikebe mitupu. Alifika nyumbani adhuhuri, miguu imevimba, nyumba ya wazungu imefungwa madirisha, ua mzima kimya. Cheptanui alimwona akija. Aliingia ndani akatoa kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa, alichokuwa amemhifadhia, akakitikisa, akakifungua, akapiga funda moja akimtazama mumewe, akamnyooshea.

Kimaiyo alikipokea. Alikileta mpaka mdomoni kisha mkono ukasimama.

"Imechacha?" aliuliza Cheptanui.

Alikuwa akikitazama kibuyu.

"Baba Jepchumba. Maziwa yana nini?"

"Atakunywaje?" alisema Kimaiyo.

"Nani?"

"Nani atamwonjea?"

Cheptanui alielewa mara moja, maana yeye alikuwa ameona mambo yale kila siku kwa miaka miwili. Alikaa chini palepale. Kisha akasema vile mtu yeyote angesema, "Kiu ikimshika atakunywa. Ni mnyama."

"Humjui yule," alisema Kimaiyo. "Mimi ndiye niliyemtengeneza."

Alikirudisha kibuyu bila kunywa, akafunga viatu vyake vya mpira wa gari, akatoka. Ndege ilikuwa imeruka alfajiri. Saa ile labda inashuka Khartoum. Lakini itakaa huko mpaka kesho, ilikuwa imeandikwa hivyo, na neno linaweza kupita kwenye waya likafika kabla ya mtu kumaliza kula. Alikwenda nusu mbio njia nzima ya kuteremkia barabara ya Nakuru, na bahati ikawa naye, lori la pareto likamchukua. Aliingia mjini jua likielekea nyuma ya mlima wa Menengai, akaingia posta wanapanga kufunga.

Kwenye dirisha la telegramu alikuwepo kijana wa Kibukusu jina lake Masinde, nadhifu, kichwa amekipasua njia. Mbele ya Kimaiyo kulikuwa na watu wawili, na nyuma yake mnene mmoja wa duka la nguo kuukuu.

"Nataka kupeleka simu Khartoum," alisema Kimaiyo.

Masinde aliinua macho. "Khartoum ya wapi?"

"Ya Sudani. Uwanja wa ndege."

"Kwa nani?"

"Kwa mkubwa wa hapo. Yeyote."

"Sema maneno."

Kimaiyo aliyasema kama yalivyokuwa yamejipanga njiani. Kwamba kuna mbwa anaitwa Juno, yuko ndani ya sanduku la mseprasi, na kwamba hawezi kunywa wala kula mpaka anayempa aonje kwanza, aonje mbele yake, mbwa amwone, na kwamba ulimi tu unatosha, si lazima kumeza.

Yule mnene nyuma akaanza kucheka kwa kifua. "Ndugu yangu, mwulize kama huyo mbwa amebatizwa. Labda anangoja sala."

Watu wakacheka. Masinde hakucheka, lakini aliweka kalamu chini.

"Mzee, nikiandika hivi watasema nimelewa. Tena siku hizi za imajensi, maneno ya maji na kuonja na kuvuka mpaka, mkubwa wangu ataniuliza hayo ni maji gani."

"Ni maji ya kunywa."

"Mimi najua. Yeye hajui."

"Mwanangu," alisema Kimaiyo, ingawa kwa umri walikuwa hawajaachana sana, "mimi sijawahi kupeleka simu tangu nizaliwe. Nisingekuja kwa mchezo. Yule mnyama atakufa na bakuli limejaa mbele yake, na ni mimi niliyemfundisha."

Masinde alimtazama usoni. Watu wa posta wanaona nyuso nyingi, simu ni kitu cha misiba. Akachukua fomu mpya. Walipunguza pamoja, neno hili linatoka, neno lile linabaki, mpaka ikabaki hivi, naye akaigeuza kwa Kiingereza huku akiisoma: Mbwa Juno hanywi bila mtu kuonja maji kwanza mbele yake. Tafadhali onjeni.

"Hilo la tafadhali ni la nini?" aliuliza mnene. "Linajaza nafasi bure."

"Liache," alisema Kimaiyo.

Masinde aliingia ndani. Sauti ya mashine ikasikika ikidonoa donoa kama kuku kwenye bati. Alirudi akasema imekwenda.

"Watajibu?"

"Wakitaka. Simu ikitoka hapa, imetoka. Sina mkono wa kuivuta."

Kimaiyo alilala Nakuru tena, na Ijumaa asubuhi alikuwa mlangoni kabla posta haijafunguliwa. Hakukuwa na jibu. Alingoja mpaka saa sita. Hakukuwa na jibu. Masinde alimwambia, "Sasa ndege imeshaondoka Khartoum, mzee. Iko Benghazi, au inaelekea. Kama walionja, walionja." Kimaiyo alisema ni kweli, akarudi Kabazi. Kila wiki alipata sababu ya kushuka mjini na lori la maziwa, na kila wiki Masinde alimwona mlangoni akatikisa kichwa kabla hajaulizwa, mpaka ikawa ndiyo salamu yao.

Mwezi wa nane barua ilikuja. Karani wa shamba alikuwa mgeni, Kimaiyo hakutaka mgeni aisome. Aliiweka ndani ya koti siku nne mpaka lori liliposhuka, akampelekea Masinde. Wakatoka nje wakasimama kwenye kivuli cha ukuta wa posta. Ilikuwa imeandikwa na memsabu, kwa Kiswahili chake kile cha jikoni, na Masinde aliisoma kama ilivyo, hakurekebisha kitu.

"Kimaiyo, jambo. Mimi nasikitika sana kuambia wewe, Juno nakufa. Ndege naharibika injini Khartoum, nakaa siku tatu. Jua kali sana. Watu ya kiwanja nasema wao naweka maji kila saa, maji mzuri, baridi. Nasema Juno hapana kunywa. Nasema yeye naangalia maji, halafu naangalia uso ya watu, halafu naangalia maji. Siku ya tatu nalala, hapana amka. Daktari nasema ni joto. Hii hapana makosa yako. Wewe nafanya kazi mzuri."

Ndani ya bahasha hakukuwa na kitu kingine.

Masinde aliikunja barua. "Siku tatu," alisema. Wote wawili walikuwa wanahesabu kitu kimoja. Simu ilikwenda Alhamisi jioni. Ndege ilikaa pale Ijumaa nzima na Jumamosi nzima.

Kimaiyo alikuwa anatazama barabara. "Aliwatazama usoni," alisema. "Alikuwa anawangoja."

"Usijitie huko, mzee. Memsabu mwenyewe amesema si makosa yako."

"Amesema kwa sababu hajui." Kisha akasema, "Niandikie."

Masinde alimwandikia memsabu barua, Kimaiyo akisema na yeye akiandika, akaeleza yote, kamba na ghala na kuonja, bila kujificha. Mwisho wa barua kulikuwa na swali. Hakukuja jibu. Krismasi waliandika tena, swali lile lile. Labda watu wale walikuwa wamehama, labda memsabu alisoma yale ya kamba na kuonja akashindwa kuiona sura ya Kimaiyo kama zamani. Hatujui. Ya tatu waliipeleka Khartoum kwenyewe, kwa mkubwa wa kiwanja, kwa Kiingereza cha Masinde ambacho kilikuwa kizuri. Nayo ilikwenda njia ya wenzake.

Mzungu mpya alileta mbwa wake, madume wawili wakali, akamkabidhi Kimaiyo kwa kuwa alisifiwa. Kimaiyo aliwalisha, akawachana, akawatoa kupe. Lakini aliwafundisha kinyume. Alimwita kila aliyepita, mama wa kuni, mchungaji, fundi wa pampu, akawapa nyama mikononi akawaambia, "Mpe. Mpe na wewe." Mpaka wale madume wakawa wanakula kwa mtu yeyote aliyekunjua kiganja. Cheptanui alimwonya. Hakusikia. Katikati ya hamsini na sita wezi walikuja wakawarushia mbwa nyama, wakaondoka na mitamba sita, mbwa wakiwasindikiza mpaka kwenye uzio. Mzungu alimwuliza Kimaiyo ni mbwa gani hawa. Kimaiyo akasema, "Hawatakufa kiu, Bwana." Siku ile ile alipewa karatasi yake ya kufukuzwa.

Ndiyo wakahamia Kiamunyi, akachunga ng'ombe wa wengine, na baada ya uhuru wakasogea mtaa wa Free Area, Nakuru, chumba kimoja, Cheptanui akiuza mboga, yeye akilinda ghala la mahindi. Mlinzi asiye na mbwa. Waliomwajiri waliona ni ajabu, lakini hakuwa mtu wa kusinzia, wakamwacha. Masinde alipandishwa cheo akahamishwa Kitale, na kabla ya kwenda alikuja kuaga, akasema amejaribu kuuliza kwa waya, kirafiki, kwa watu wa telegramu anaowajua njiani, kama simu ile ilifika Khartoum. Kila mmoja alisema kwake ilipita.

Uzeeni Kimaiyo alikuwa na tabia moja iliyowachekesha wajukuu. Hakumpa kiumbe maji bila kuyaonja. Mgeni, mtoto, kuku. Utamwona ameinama juu ya kikopo cha kuku na magoti yake mabovu, anachota, anakunywa, kisha anakisukuma mbele. Kuku walikuwa wameshakunywa zamani kwenye dimbwi. Na watoto wakimwuliza, babu, kwa nini, hakuwaeleza habari za Juno. Aliwauliza wao lile swali, kama alivyowauliza madereva wa malori ya Juba, na padri mmoja aliyewahi kukaa Sudani, na kila mtu aliyesema amefika huko: watu wale wa Khartoum, ile simu iliwafikia au haikuwafikia, na kama iliwafikia, hapakuwa na mtu hata mmoja wa kutia ulimi tu?